Mtoto amebalehe kijijini: maswali ya wazazi wa Kabare na Walungu

Vijiji vinavyozunguka Bukavu, mashariki mwa Kongo, vina watoto wengi wa miaka 10 hadi 19, na wazazi wao huuliza karibu yale yale.

Binti yangu ameingia mwezini akiwa na miaka 11. Si mapema mno?

Hapana. Wengi huanza kati ya miaka 10 na 15. Mwaka wa kwanza na wa pili siku huruka-ruka, na hilo peke yake si ugonjwa. Mpeleke sentre ya afya damu ikipita siku 7, akilowesha kitambaa kila saa, akishikwa na kizunguzungu, au akifika miaka 15 bila kuona kitu.

Hatuna makuta ya kununua pedi. Vitambaa vya kikwembe (kitenge) vinafaa?

Vinafaa, vikiwa vya pamba, laini na safi. Shida iko kwenye kukausha. Msichana anaona haya, anakificha chini ya godoro kingali kibichi, kesho yake anakivaa hivyo hivyo, kisha anaanza kuwashwa. Loweka katika maji baridi, maana maji ya moto hugandisha doa. Fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani. Akiogopa macho ya majirani, atandaze kitambaa chepesi juu yake. Kwetu mvua huanza Septemba ikaenda mpaka Mei, kwa hiyo siku isiyo na jua tumia pasi ya makaa. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata shuleni. Hapo nawageukia akina baba wa kamati ya wazazi: choo cha wasichana kina mlango unaofungika?

Ale nini?

Damu inayotoka ina madini ya chuma, lazima yarudi. Maharagi, lengalenga (mchicha), sombe (majani ya muhogo), na samaki wadogo wa sambaza wakipatikana. Chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Isubiri saa moja hivi.

Na mvulana, naye afundishwe nini?

Mengi, ila hakuna anayejitolea. Msichana angalau huitwa na shangazi. Mvulana anaachiwa wenzake wa machimboni na kikombe cha kanyanga, pombe kali. Aambiwe kwamba kutokwa na manii usingizini ni kawaida, hakupunguzi nguvu, wala hakudai "dawa" ya kulala na msichana.

Nikimzungumzia mimba na ukimwi, si namfungulia njia?

Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba waliofundishwa hawaanzi ngono mapema kuliko wengine. Lakini hotuba pekee haitoshi, na sisi wazazi tunapenda sana hotuba. Stadi za maisha ni mazoezi ya mdomo. Mchukue motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayesimama jioni kwenye njia ya kutoka sokoni: "Panda mrembo, leo ni bure." Wewe uwe motari, binti ajibu kwa sauti. Mara ya kwanza atacheka tu. Ya pili atasema, "Asante, siendi mbali," na motari atapata la kuendelezea. Rudieni mpaka atoe "Hapana, sipandi" huku miguu ikiendelea kutembea. Kisha kaka yake afanye zoezi lake: kuambiwa hapana, akaondoka bila tusi.

Ameshika mimba akiwa na miaka 15. Tumwoze?

Sheria ya familia ya Kongo, iliyorekebishwa 2016, inataka miaka 18 kwa wote wawili. Ndoa haitapanua nyonga yake. Uchungu ukikwama, anaweza kubaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kizuizi. Aanze kliniki ya wajawazito mara moja, ajifungue penye mkunga aliyesomea, halafu arudi darasani.

Na kama amebakwa?

Sentre ya afya siku hiyo hiyo, kabla ya wazee kukaa kujadili mbuzi wa fidia. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, nazo hunywewa siku 28. Kidonge cha kuzuia mimba kinafaa hadi siku 5, lakini nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Mjini Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, hupokea waliobakwa. Asioge kwanza ikiwezekana. Nguo alizokuwa nazo zisifuliwe. Zikunjwe ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki, ziende naye.