Pwani ya Northland na Wamaori: wageni wanavyodhani na mambo yalivyo

Tangazo la safari ya kundi kwenda Northland, ncha ya juu ya Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi, kwa kawaida huwa na picha mbili. Moja ni ya mchanga mweupe na maji ya samawati. Ya pili ni ya Mmaori aliyetoa macho na ulimi. Anayelipia safari huondoka akidhani kanunua vitu viwili, ufukwe mchana na ngoma jioni, na hapo ndipo dhana nyingine potofu zinapozaliwa. Kule pwani na watu wake havitenganishwi. Ghuba zina koo zinazozitunza, rasi zina habari zake, na karibu kila katazo litakalomshangaza mgeni lina sababu inayojulikana na wenyeji. Mwongozaji mzuri ndiye anayekueleza sababu hiyo kabla hujakosea.

"Nusutropiki ni joto kama la Mombasa"

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, Waitangi, kwenye pwani ya Northland, iko nyuzi 35, karibu sawa na Cape Town. Kiangazi chao ni Desemba hadi Februari, na mchana joto huwa kwenye nyuzi 22 hadi 26 hivi. Julai utahitaji koti, na baharini wataingia wachache wenye moyo. Wanyuzilandi hulisifu eneo hili kuwa ni kaskazini isiyo na majira ya baridi, lakini wanalilinganisha na kusini kwao kunakoanguka theluji. Minazi ya kujiotea ufukweni hakuna, wala miamba ya matumbawe kama ya Watamu au Mafia. Mvua zipo, na mabaki ya vimbunga vya tropiki hufika: Februari 2023 kimbunga Gabrielle kilikata barabara na umeme. Jua nalo, hata siku ya ubaridi, ni kali kwa ngozi kuliko mtu anavyolihisi.

Hata hivyo mtu wa Lamu au wa delta ya Rufiji atakutana na kitu anachokijua. Kwenye njia ya miguu kati ya Waitangi na maporomoko ya Haruru kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Uinamie mti na uangalie vile vidole vinavyochomoza kwenye tope kuvuta hewa. Huo ni mchu, Avicennia marina, spishi ileile ya kwetu. Nyuzilandi ina mkoko wa aina hiyo moja tu. Hutaona mkandaa wala msinzi.

Wapo pia wanaoshauri kwamba Juni na Julai hakuna cha kufuata huko. Ni ushauri mbaya. Huo ndio wakati wa Matariki, mwaka mpya wa Kimaori, unaoanza pale kundi fulani la nyota linaporudi kuonekana alfajiri. Tangu 2022 ni sikukuu ya taifa. Nyota hizo ni Kilimia, ambacho wakulima wetu walikifuata vilevile: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kukiangalia Kilimia pamoja na watu waliokijengea sikukuu, mimi nakuhesabu kuwa sababu tosha ya kuvumilia baridi.

"Wamaori ni sawa na wenyeji wa asili wa Australia"

Hapana. Wamaori ni Wapolinesia, ndugu za watu wa Tahiti na Hawaii. Waliingia kwa mitumbwi mikubwa katika karne ya 13, wakisoma nyota, mawimbi na ndege, hadi kwenye visiwa ambavyo havikuwa na watu. Lugha yao ni ya familia ya Kiaustronesia, familia moja na Kimalagasi cha Madagaska, majirani zetu wa Bahari ya Hindi.

Dhana nyingine inayotembea pamoja na hiyo ni kwamba utamaduni wa Kimaori unapatikana Rotorua, penye chemchemi za moto, na kaskazini kuna fukwe tu. Ngāpuhi, kabila kubwa kuliko yote ya Wamaori, ni wa kaskazini. Zaidi ya theluthi ya wakazi wa Northland ni Wamaori. Masimulizi yanasema baharia Kupe aliondokea kwenye bandari ya Hokianga kurudi kwao, na jina kamili la bandari hiyo linamtaja mpaka leo.

"Waitangi machifu waliitoa nchi, yakaisha"

Hapa ningeomba kundi lolote litumie siku nzima, wala si saa mbili kati ya mashua na chakula.

Zaidi ya miaka minne kabla ya Mkataba wa Waitangi kati ya machifu wa Kimaori na Waingereza, tarehe 28 Oktoba 1835, machifu 34 wa kaskazini walitia saini tamko la kwamba nchi ni huru na mamlaka ni yao. Kisha akaja William Hobson kwa niaba ya Malkia wa Uingereza. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, na usiku wa tarehe 4 Februari 1840 mmisionari Henry Williams na mwanawe Edward wakaufasiri kwa Kimaori. Kesho yake machifu walibishana mchana kutwa, wengine wakimwambia Hobson arudi kwao. Tarehe 6 wakaanza kutia saini. Baadaye nakala zilizungushwa nchini mpaka saini zikapita 500. Walio wengi walisaini nakala ya Kimaori. Ile ya Kiingereza ina saini 39 tu. Na nakala hizo hazisemi kitu kimoja. Ya Kiingereza inampa Malkia mamlaka yote ya dola. Ya Kimaori inampa kazi ya kutawala, huku ikiwaachia machifu mamlaka kamili juu ya ardhi zao, vijiji vyao na vyote wanavyovithamini.

Aliyesoma shule Tanzania atamkumbuka mara moja Chifu Mangungo wa Msowero na karatasi za ulaghai za Mjerumani Karl Peters za mwaka 1884. Tofauti ni kwamba mkataba wa Waitangi haukubaki kuwa somo la historia. Hone Heke, chifu anayetajwa kuwa wa kwanza kusaini pale Waitangi, na watu wake waliukata mlingoti wa bendera ya Waingereza juu ya mji wa Kororāreka, sasa Russell, mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 11 Machi 1845, na ikafuatiwa na vita. Vuka kwa feri kutoka Paihia uende kwenye kanisa la mbao la Russell, lililojengwa miaka ya 1830. Matundu ya risasi bado yapo kwenye mbao zake. Unaweza kuingiza ncha ya kidole.

Mwaka 1975 bibi Whina Cooper, mzaliwa wa Hokianga aliyekuwa karibu na miaka 80, aliongoza matembezi kutoka Te Hāpua, kaskazini kabisa, hadi Bungeni Wellington, kudai ardhi isiendelee kuchukuliwa. Mwaka huohuo kiliundwa chombo cha kusikiliza malalamiko ya kuvunjwa kwa mkataba, na mwaka 2014 chombo hicho kikasema wazi kwamba machifu waliosaini Februari 1840 hawakusalimisha mamlaka yao ya dola. Novemba 2024, muswada wa kufafanua upya misingi ya mkataba ulipoletwa Bungeni, matembezi mengine yalianzia huko huko kaskazini na kufika Wellington yakiwa na maelfu kwa maelfu ya watu. Muswada ulikataliwa Aprili 2025 kwa kura 112 dhidi ya 11. Kwa hiyo mwongozaji wa Kimaori akiinua sauti kidogo anapoeleza habari za karatasi hizi, msikilize. Anaongelea mambo ya nyumbani kwake, ya siku hizi.

"Haka ni ngoma ya vita, na mapokezi ni maonyesho"

Wengi wetu tuliijua haka kupitia raga, hasa Wakenya wanaofuatilia timu za wachezaji saba. Ile ni sura moja tu. Haka hufanywa kwenye misiba, harusi na mahafali, kwa kumpokea mgeni na kwa kupinga jambo. Wanawake hufanya pia: video iliyozunguka dunia nzima Novemba 2024 ilimwonyesha mbunge kijana, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, akiianzisha ndani ya Bunge na kuuchana muswada ule.

Ni kweli kwamba pale Waitangi kuna onyesho la kulipia, na hakuna ubaya. Lakini kukaribishwa rasmi kwenye marae, uwanja wa ukoo wenye nyumba ya kuchonga, ni jambo zito, na kundi lina kazi yake. Mnasimama langoni mkiwa pamoja, wala hamwingii kila mtu kivyake. Mnamchagua mtu wa kuwasemea. Shujaa mmoja anatoka mbele na silaha yake ndefu, anaizungusha, anakodoa macho, analaza kitu kidogo chini, mara nyingi tawi la majani, kisha anarudi nyuma. Msemaji wenu anasogea na kukiokota bila kumwondolea macho. Asicheke, kitendo hicho kinauliza kama mmekuja kwa amani, na kicheko ni jibu baya. Ndipo inapopanda sauti ya mwanamke mzee, ndefu na ya juu, inayowaita ninyi na marehemu wenu mliokuja nao. Zinafuata hotuba, na kila hotuba hufungwa kwa wimbo.

Wimbo ndio unaowaumbua watalii. Wenyeji wakimaliza, zamu ni yenu, na kundi lisilojiandaa hubaki linatazamana. Chagueni wimbo mkiwa bado kwenye basi, ambao hata asiye na sauti anaujua. Watu wa kwetu hatushindwi na hili. Kwaya, taarabu na kaswida zimetulea.

Baada ya hapo mnapanga mstari na kusalimiana kwa kugusisha pua na paji la uso, taratibu, macho yakiwa yametulia. Si kusuguana pua kama watu wanavyosimulia. Ni kushirikiana pumzi. Mwisho mnakula, na chakula ndicho kinachowatoa kwenye hali ya utakatifu na kuwarudisha kwenye hali ya kawaida. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia nyumba ya kuchonga, jambo ambalo mtu wa pwani halihitaji kufundishwa. Usikalie meza, usimguse mtu kichwani, usimruke aliyelala au kuketi. Kwenye marae nyingi wanaume huketi mstari wa mbele wakati wa hotuba. Akina mama wenye maswali kuhusu hilo wamuulize mwongozaji mapema, si katikati ya shughuli.

Kuhusu chale za usoni, wengi huzidhania pambo la mtindo. Moko, yaani chale hizo, hubeba nasaba na heshima ya mwenye nayo. Nanaia Mahuta, waziri wa mambo ya nje kuanzia 2020 hadi 2023, anayo kidevuni. Usimpige mtu picha ya uso bila ruhusa yake.

"Ninety Mile Beach ina urefu wa maili 90"

Ni kilomita 88 hivi, maili 55. Jina la Kimaori ni Te Oneroa-a-Tōhē. Ufukwe huo ni barabara halali, na mabasi ya watalii hupita juu ya mchanga mgumu maji yakipwa. Usijaribu kwa gari la kukodi: mikataba mingi ya kukodi inakataza, na bahari haimsubiri aliyekwama. Ndiyo sehemu ambapo safari ya kundi inazidi kwa mbali kujiendesha mwenyewe, ingawa kwingine kuendesha ni rahisi kwetu, maana nao hupita kushoto.

Mwisho wa njia ni Cape Reinga. Hapo si ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa. Majabali ya Surville, mashariki yake, yako kaskazini zaidi. Uzito wa mahali hapo ni mwingine. Wamaori hupaita Te Rerenga Wairua, na kwao roho za wafu husafiri hadi hapo, hushuka kwenye mizizi ya mti mkongwe wa pōhutukawa ulioshikilia jabali, na kuanza safari ya kurudi Hawaiki, asili yao. Chini yake Bahari ya Tasman na Pasifiki zinakutana, unaona maji yakigongana. Kwa ajili ya safari hiyo ya roho, wageni huombwa wasile hapo. Vitafunio viache ndani ya basi. Watu hula kwenye ghuba ya Tapotupotu iliyo karibu.

"Utaogelea na pomboo"

Kwenye Bay of Islands, ghuba yenye Waitangi na Russell, hutaogelea nao. Pomboo wa hapo walipungua vibaya, na tangu Desemba 2021 eneo hilo ni hifadhi ya mamalia wa baharini: vyombo na waogeleaji wanatakiwa kukaa mita 300 mbali. Anayekuuzia kuogelea nao humo anakudanganya.

"Ukishapata visa, umemaliza"

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji visa, hata kama anaishi Dubai au Muscat. Lakini kinachowakwamisha wengi ni begi na viatu. Asali haiingii. Dagaa, viungo, mbegu, korosho na dawa za mitishamba zitaje zote kwenye fomu. Kikikutwa chakula ambacho hukukitaja, faini ni dola 400 za huko papo hapo. Viatu vyenye udongo vitaje pia.

Ukifika msitu wa Waipoua utaelewa ukali huo. Tāne Mahuta, mkauri (mti mkubwa wa asili wa Nyuzilandi) wenye urefu wa zaidi ya mita 51 na mzingo wa karibu mita 14, unasimama hatua chache tu kutoka barabarani. Kuna vimelea vya kwenye udongo vinavyoozesha mizizi ya mikauri, na tiba ya kuviangamiza haijapatikana; kinachobebwa kwenye soli kinatosha kuua mti wa miaka elfu na zaidi. Kabla ya kuingia unasugua viatu kwa brashi, unavikanyagisha kwenye dawa, kisha unapita kwenye njia ya mbao bila kutoka nje yake. Kaza mkono kwenye kisigino na katikati ya meno ya soli, udongo hujificha huko. Na ukitoka, usugue tena.