Kidude si tusi, wala hakikutoka Marekani

Karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, mama mmoja alishusha kikapu cha parachichi mbele ya meza ya fundi simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nataka kubadili laini, nimeshindwa kuitoa."

Fundi akanyoosha mkono kwa kijana wake bila hata kumtazama: "Lete kile kidude." Kijana akampa. Jamaa aliyekuwa anasubiri chaji akacheka: fundi gani hajui majina ya vifaa vyake?

Basi wengi hudhani hivyo, kwamba anayesema kidude hana elimu. Kile kisindano cha kutolea laini wewe unakiitaje? Mikono ikiwa kazini, kidude kinatosha, mradi msikilizaji anajua kinachotakiwa. Wala si cha simu tu. Kifuniko cha jiko la gesi nacho ni kidude siku kikipotea.

Wengine husema dude tumelipata kwenye filamu za Marekani. Tahajia zimegongana tu. La kwao ni mtu: lilivuma New York mwaka 1883, likiwakejeli vijana watanashati. Letu hutamkwa du-de, ni kitu ambacho jina lake halijulikani au limesahaulika, na kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inalo kwa maana hiyohiyo.

Na tofauti ya dude na kidude si ukubwa peke yake. Kidude mtu anakipenda, au angalau hakimsumbui. Dude linatia shaka: "Hili dude lako linamaliza umeme," mke anamwambia mwenye spika za sebuleni. (Ni hili dude, haya madude. Ukisema "dude hii" kwetu utasikika mgeni.)

Kuhusu tusi, kuna ukweli kidogo. Watu hulitumia kufichia maungo ya siri, kwa hiyo mbele ya wakwe angalia sentensi yako. Lakini Fatuma binti Baraka, gwiji wa taarabu wa Zanzibar, aliitwa Bi Kidude mpaka alipofariki Aprili 2013, na redio zilimtangaza kwa jina hilo.

Na wanaodhani kishikwambi (tablet) nalo ni neno la mtaani kama kidude, wamekosea kabisa: ni rasmi, makarani wa sensa ya Tanzania ya 2022 walitumia vishikwambi.

Laini ilitoka. Mama akakiangalia kile kisindano. "Na hicho kidude unauza?"

"Chukua tu mama, ninavyo kopo zima."