Miaka saba si tarehe ya kukabidhiana mtoto

Haipiti wiki bila mtu kunipigia na maneno yale yale: "Wakili, mwanangu anatimiza miaka saba mwezi ujao, naenda kumchukua. Niandikie barua tu." Hakuna barua. Hakuna kifungu Tanzania Bara kinachosema mtoto akifika miaka saba anahamia kwa baba, na ukiniambia jirani yako alipewa, nitakuuliza alipewa kwa ushahidi gani.

Kinachosomwa vibaya ni kifungu cha 125(3) cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa maneno ya kawaida kinasema hivi: ipo dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Na hakimu anapopima kama itumike, aangalie pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Siku mtoto anapotimiza saba, kinachokoma ni dhana. Mama amepoteza upendeleo wa kuanzia, lakini baba hajakabidhiwa. Kuanzia hapo wote wawili wanapimwa kwa kipimo kimoja, ustawi wa mtoto, na kipimo hicho kilikuwepo tangu mtoto ana siku moja.

Hii ndiyo sababu baba anayekaa kimya akisubiri mwaka wa saba anajichimbia shimo. Miaka minne hajafika shuleni, hamjui mwalimu wa darasa, hana hata risiti moja ya matibabu, halafu anafungua maombi wiki moja baada ya keki ya kuzaliwa ya mwaka wa saba. Hakimu ataona mtoto aliyetulia, mwenye shule na marafiki, na mzee anayetaka kumng'oa kwa sababu ya tarehe. Aliyekuwa na hoja nzuri mtoto akiwa na miaka mitatu angeileta mtoto akiwa na miaka mitatu. Dhana ile si ukuta: mama mlevi wa kupindukia, au aliyemwacha mtoto kwa bibi kijijini na kuonekana Krismasi hadi Krismasi, anaweza kumkosa mtoto wa miaka minne.

Na akina mama nao wasishangilie. Wapo wanaoamini kwamba chini ya saba hawaguswi. Mnaguswa.

Imani kwamba mtoto ni wa baba ina mizizi. Tangazo la Serikali Na. 279 la 1963, lililoandika sheria za mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliwahesabu watoto wa ndoa kuwa wa baba, na wazee wetu hawajasahau. "Nilitoa mahari" bado inatamkwa kizimbani kama vile ni hati ya kiwanja. Kifungu cha 125 chenyewe kinamruhusu hakimu kuzingatia mila za wahusika, pamoja na matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenye umri wa kutoa maoni yake, ila vyote hivyo viko chini ya ustawi. Mila ipewe uzito gani hasa? Hapa sina jibu la kukupa. Mahakimu wawili kwenye jengo moja wanaweza kutofautiana, na sijaona fomula.

Kuhusu njia, nitakwenda haraka. Kama mnaachana kisheria, malezi yanaombwa ndani ya shauri la talaka, na kabla ya hapo kwa kawaida lazima mpite baraza la usuluhishi wa ndoa (la kata, la BAKWATA, la kanisa) mpate Fomu Na. 3, yaani cheti cha baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si Fomu Na. 3. Karatasi ya Dawati la Jinsia la polisi si Fomu Na. 3. Na cheti kisiwe kimezidi miezi sita siku unayofungua shauri. Kama hamkuoana, au hamdai talaka, mlango ni Sheria ya Mtoto ya 2009: maombi na hati ya kiapo Mahakama ya Watoto, bila baraza. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA, na vipimo vinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, si kwa kliniki ya rafiki yako. Kwa wa Dar, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kinashughulikia masuala ya familia tangu 2021. Unapofungua, omba na amri ya muda, kwa sababu shauri likianza "kutajwa", yaani kuitwa na kuahirishwa bila kusikilizwa, litatajwa sana.

Pale watu wanaposhindwa ni kwa afisa ustawi wa jamii. Mahakama inapoagiza taarifa yake, anakuja nyumbani, na haji kuangalia sofa. Anataka kujua mtoto analala wapi na nani, nani yupo nyumbani saa nane mchana akirudi shule, kadi ya kliniki iko wapi, madaftari yamesahihishwa lini mara ya mwisho. Baba mwenye nyumba ya vyumba vitano ambaye hajui mwanawe yuko darasa la ngapi ataandikwa hivyo hivyo. Niseme pia lisilosemwa vitabuni: baadhi ya taarifa ni kurasa mbili za haraka, zimeandikwa baada ya kuzungumza na upande mmoja. Ikiwa hivyo, usinung'unike korido. Omba afisa aitwe aulizwe maswali.

Mtoto naye akisikilizwa, humlishi maneno. Mtoto wa miaka tisa anayesema "baba hatoi matunzo kwa mujibu wa sheria" amekwisha kuuharibu ushahidi wako.

Jambo jingine linalonikera: matunzo na kumwona mtoto ni vitu viwili. Asiyelipa anadaiwa matunzo, hafungiwi mlango. Anayefungiwa mlango analeta maombi mahakamani. Haachi kulipa ada.

Na mkifika kwenye amri, msikubali maneno "atamwona mtoto kwa wakati unaofaa". Unaofaa kwa nani? Ombeni iandikwe: Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, makabidhiano ofisi ya ustawi wa jamii au kwa shangazi anayekubalika na wote, likizo ya Desemba nusu kwa nusu, gharama ya nauli juu ya fulani. Hata hapo, kuikazia amri ya namna hii ni kazi ngumu. Dalali wa mahakama anajua kukamata gari. Kwa mtoto anayelia mlangoni hakuna utaratibu mzuri, na vitisho vya kumfunga mama mmoja kwa kudharau amri mara nyingi vinamuumiza mtoto yule yule.

Amri si ya milele. Mahakama inaweza kuibadilisha hali ikiwa imebadilika kwa kiasi kikubwa, au ikionekana ilipatikana kwa uongo. Mzazi kuhamia mkoa mwingine, ugonjwa, mtoto kupigwa na mume mpya: hizo ni hoja. Keki yenye mishumaa saba, ikiwa peke yake, mimi siifungulii jalada.