Kiladini si mseto wa Kiitaliano na Kijerumani

Urtijëi, mji wa wachonga mbao katika bonde la Gherdëina, kaskazini mwa Italia, una majina matatu: Waitaliano huuita Ortisei, Wajerumani St. Ulrich, na Urtijëi ndilo la Kiladini, lugha ya wenyeji. Hapo wengi hudhani Kiladini ni mchanganyiko wa hizo lugha mbili. Sivyo hata kidogo. Warumi waliiteka milima hii mwaka 15 KK, na Kilatini chao kikakua humo kivyake, kama ndugu yake Kiromanshi cha Uswisi.

Chukua neno “nyumba”. Kiitaliano ni casa, wingi case. Kiladini cha Gherdëina ni cësa, wingi cëses. Ile -s ya wingi imetoka kwenye Kilatini, Kiitaliano hakinayo. Maneno ya Kijerumani yamo, naam, maana bonde lilikuwa la Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza. Lakini kukopa maneno hakubadilishi ukoo wa lugha. (Wala msikichanganye na Kiladino, Kihispania cha Wayahudi.)

Shuleni, masomo hugawanywa nusu Kijerumani, nusu Kiitaliano. Kiladini hupata takribani saa mbili kwa wiki. Ni kidogo mno kwa mji ambao, katika sensa ya 2011, zaidi ya asilimia 80 walijitambulisha kuwa Waladini.