Leso inayosoma jina lake, na kwa nini hunyamaza wageni wakifika

Kazi nyingi za wanafunzi wa sanaa ya kidijitali hapa Nairobi huitika vizuri usiku wa kuamkia maonyesho, chumbani mkiwa na watu watatu, kisha hukwama wageni wanapojaa. Programu huwa haina tatizo. Vipimo vilichukuliwa katika chumba kitupu. Nitatumia mfano ninaoupenda sana: leso iliyotundikwa ukutani, ambayo ukiweka kiganja kwenye mji wake, yaani sehemu ya kati, sauti inakusomea jina, yaani msemo ulioandikwa pale chini.

Unahitaji Arduino Uno (bodi ndogo ya umeme inayopangiwa programu), resista (kizuizi cha mkondo wa umeme) ya megaohmu 1 kwa kila sehemu ya kugusa, foili ya jikoni, utepe wa shaba, waya mwembamba, laptopu yenye Processing (programu itakayocheza sauti), na spika. Vifaa vya umeme vinapatikana Luthuli Avenue. Kagua rangi za resista kabla ya kuondoka dukani: megaohmu 1 yenye mistari minne ni kahawia, nyeusi, kijani, kisha mstari wa kiwango cha usahihi. Mstari wa tatu ukiwa mwekundu umeuziwa kiloohmu 1, na leso haitasikia chochote.

Foili hukatwa ukubwa wa kiganja na kubandikwa nyuma ya kitambaa. Usijaribu kuisolda, kwa sababu risasi ya kawaida haishiki kwenye alumini. Solda waya kwenye utepe wa shaba, kisha bana utepe huo juu ya foili kwa nguvu, kwa kuwa gundi ya utepe mwingi haipitishi umeme. Kati ya foili na foili acha angalau sentimita 5. Miezi ya mvua leso hunyonya unyevu, na sehemu zilizokaribiana huanza kuitikiana.

Resista huunganisha pini ya kutuma, tuseme 4, na pini ya kupokea, tuseme 2. Foili huungwa upande wa 2. CapacitiveSensor, maktaba ya msimbo inayowekwa kwenye programu ya Arduino, hupima muda ambao pini ya 2 inachukua kuifuata ya 4. Mkono ukikaribia, muda huo hurefuka. Ukitumia megaohmu 10, foili itaanza kuhisi mkono ulio sentimita 10 hadi 15 mbali. Wanafunzi huipenda sana hiyo, lakini katika ukumbi uliojaa kila anayepita ataiamsha. Baki na 1.

Waya nao ni sehemu ya kugusa, hata kama hukukusudia. Waya wa mita mbili humhisi kila aliyesimama karibu nao. Weka Arduino nyuma ya leso, waya usizidi sentimita 50, mbali na eksitensheni ya stima. Stima yetu ni hezi 50, yaani wimbi moja kila milisekunde 20. Chukua wastani wa vipimo vya muda huo na mtetemo mwingi utatulia.

Sasa tatizo kubwa: ardhi. Laptopu ikiwa kwenye chaja yenye pini ya ardhi, vipimo huwa vikubwa na thabiti. Stima ikipotea, au ukitumia chaja isiyo na ardhi, vinaporomoka, na kizingiti cha jana, yaani kipimo ulichoweka cha kuanzisha sauti, hakifikiwi tena. Tandaza foili pana chini ya mkeka anaposimama mgeni, iunganishe na GND, pini ya ardhi ya Arduino. Usichomeke waya wowote kwenye soketi ya ukutani kutafuta ardhi. Hiyo ni hatari ya kifo.

Kisha usiandike kizingiti kama namba moja isiyobadilika. Weka msingi unaosogea, yaani kipimo cha leso isipoguswa: msingi mpya ni 0.999 ya ule wa zamani kuongeza 0.001 ya kipimo cha sasa. Ukipima mara 50 kwa sekunde, msingi utafuata mabadiliko ya chumba kwa takriban sekunde 20. Usiusogeze mtu anapogusa, ama utameza mguso wake. Tumia vizingiti viwili: sauti ianze pale tofauti kati ya kipimo na msingi inapofika asilimia 60 ya ile ya mguso wa kawaida, ikome tofauti hiyo ikishuka chini ya 30. Bila hivyo sauti itakatika-katika.

Arduino itume herufi moja kwa laptopu pale tu hali inapobadilika. Ukituma kila mzunguko, Processing inalimbikiza foleni na sauti inachelewa. Faili za sauti zipakiwe ndani ya setup, sehemu ya programu inayotekelezwa mara moja mwanzoni. Kumbuka pia Uno hujiwasha upya programu inapofungua mlango wa USB. Subiri sekunde 2, na mikono iwe mbali na leso.

Hapo ndipo sanaa yenyewe inapoanza, na ningetamani wanafunzi waitengee muda mwingi kuliko nyaya. Sauti isome polepole mkono ukiwa umetulia, ikome mkono ukiondoka. Leso iseme "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mwenye haraka atasikia "Mgeni njoo" tu, aondoke akidhani amekaribishwa bila kuombwa chochote. Aliyetulia atasikia kwamba anangojwa na mgonjwa. Rekodi sauti ya mtu anayeijua leso, kwa idhini yake, na uache pumzi yake kabla ya neno la tatu. Usiikate wakati wa kusafisha rekodi.