Gitaa la Hawaii lililogeuzwa: ninakagua kazi ya fundi wa pili

Gitaa la zamani lililotengenezwa kwa mtindo wa Hawaii, kisha likageuzwa lipigwe kwa kubana nyuzi kama magitaa mengine, limepita mikononi mwa mafundi wawili. Wa kwanza alilijenga, pengine miaka 90 iliyopita, na kazi yake mara nyingi ni safi. Wa pili alilifungua baadaye akalibadilisha. Likiletwa mezani kwangu, huyo wa pili ndiye ninayemkagua.

Muziki wa Hawaii ulivuma Marekani hasa baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, na viwanda vikaufuata. Kampuni za Marekani, Martin na Gibson, zikatoa magitaa ya kulazwa mapajani, ambayo mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Kwa kazi hiyo nyuzi lazima zikae juu sana. Basi mfupa wa kichwani, unaobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo, ni mrefu, ubao wa vidole ni bapa kabisa, freti (vipande vya chuma vilivyopachikwa kukingama ubao huo) zimesagwa zikalingana na ubao, na mfupa wa darajani, unaobeba nyuzi juu ya daraja, yaani mbao iliyogundishwa usoni mwa gitaa, umewekwa moja kwa moja, bila mshazari.

Utajuaje kama limegeuzwa? Kwa Martin, mulika tochi ndani ya tundu uangalie gogo linaloshika shingo. Kuanzia mwishoni mwa 1930 kiwanda kiligonga hapo jina la modeli juu ya namba ya gitaa. Ukisoma 00-18H, hiyo H ni Hawaii. Kama freti zimesimama, kuna mtu amezisimamisha, hata muuzaji akinyamaza.

Sasa tuje kwenye mfupa wa darajani, maana hapa ndipo magitaa mengi yanapoharibikia. Ukibana uzi hadi uguse freti, unauvuta kidogo, na sauti inapanda. Nyuzi nene za besi hupanda zaidi. Ndiyo maana gitaa la kubana huwekewa mfupa wa mshazari, upande wa besi ukirudi nyuma takriban milimita 3 kuliko upande wa nyuzi nyembamba, ili uzi mnene upate urefu wa ziada. Mpiga chuma habani uzi. Anatafuta noti kwa sikio, kwa hiyo mfupa ulionyooka haumsumbui hata kidogo. Lakini gitaa likigeuzwa huku mfupa ukiachwa ulivyokuwa, halitatulia kwenye tuni kamwe. Kupima ni rahisi: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile sauti nyembamba ya kengele, kisha ubane uzi huohuo kwenye freti hiyohiyo. Sauti mbili zilingane. Uzi wa sita ukipanda waziwazi, angalia daraja. Utakuta mfereji unaoshika mfupa umenyooka kama ulivyotoka kiwandani.

Nililetewa 00-18H moja iliyokuwa hivyo hasa. Nyuzi zikiachwa wazi, sauti ilikuwa tamu, ya joto, ya mbao iliyokomaa. Mwenyewe alikuwa amelipenda kwa ajili hiyo tu. Akipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) karibu na mwili wa gitaa, kila kitu kinagombana. Mfupa wa darajani ulikuwa umesuguliwa hadi ukabaki kama ukucha, na bado nyuzi zilikuwa milimita 4 juu ya freti ya 12. Aliyeligeuza alikuwa amebadilisha mfupa wa kichwani, akaweka freti, kisha akashusha nyuzi kwa msasa mpaka hakukuwa na cha kusugua. Shingo hakuigusa.

Pembe ya shingo ndiyo gharama kubwa, kwa hiyo ndiyo inayokwepwa. Magitaa haya yalipigwa kwa tuni za wazi, yaani nyuzi zikiwa zimepangwa kutoa kodi bila kubanwa, nyingine zikivuta nyuzi kuliko tuni ya kawaida, na miaka inaiinua shingo mbele polepole. Mpiga chuma hakuona tatizo. Chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti katikati ya ubao, uone inapofikia. Ncha yake inapaswa kupita karibu kabisa na uso wa juu wa daraja. Ikigonga mbao ya daraja chini ya hapo, shingo inahitaji kung'olewa na kuketishwa upya. Pima na unene wa daraja lenyewe. La kawaida ni karibu milimita 8. Ukikuta 5, mtu amelipunguza ili kuficha shingo mbaya, na utalipia vyote viwili.

Freti: Martin ilitumia freti za vipande bapa hadi 1934, ndipo ikahamia zenye umbo la T. Mifereji ya zile za kwanza ni mipana, kwa hiyo freti mpya zikipachikwa bila kujaza mifereji hulegea. Piga noti moja moja, sikiliza zinazokufa haraka.

Uso kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida. Kinachonitia wasiwasi ni uso kubonyea mbele yake, au taruma (kipande cha mbao kinachoimarisha uso) lililobanduka ndani. Ingiza kioo kidogo.

Modeli ya Gibson iitwayo Roy Smeck, iliyoanza 1934, inastahili neno lake. Ina mwili mpana na shingo nene isiyofaa kiganja, hivyo kuigeuza ni kuchonga shingo upya au kuweka nyingine. Ikifanywa vizuri ni gitaa la ajabu. Mwanamuziki wa Marekani Jackson Browne amezipiga kwa miaka mingi. Weissenborn, gitaa jingine la Hawaii lenye shingo iliyo tupu ndani, ni kisa kingine: shingo yake ni sehemu ya sanduku la sauti. Tafadhali, iacheni mapajani.

Kuhusu bei, magitaa ya Hawaii kwa kawaida yaliuzwa chini ya ndugu zake wa kubana, na ndiyo sababu yaligeuzwa mengi. Mimi hulipa zaidi kwa lile lililokuja na mifupa yake ya zamani ndani ya bahasha. Na kama ni 00-40H, mgongo na mbavu zake ni rosiwudi ya Brazili, iliyo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 1992. Usilivushe mpaka bila karatasi.

Ile 00-18H niliziba mfereji wa zamani wa mfupa kwa kipande cha mbao ya rangi ileile, nikakata mpya kwa mshazari, nikang'oa shingo kwa mvuke na kuirudisha kwa pembe yake. Mfupa mpya umesimama milimita 3 na nusu juu ya daraja. Mwenyewe alibana uzi wa sita kwenye freti ya 12, akaukazia macho mshale wa kipima tuni, akabana tena, kisha akaanza kupiga na hakuniuliza chochote kwa nusu saa.