Meli Kuiruka Santorini Si Hila ya Nahodha

Abiria wengi wa meli za kitalii za Mediterania huamini kwamba bandari ikirukwa, kampuni imekwepa gharama. Tazama kisiwa cha Santorini, Ugiriki, uone sababu ya kweli. Ghuba yake ni shimo la volkano. Kuna mahali kina kinapita mita 300, nanga haipati pa kushika. Meli hubaki ikielea, na boti ndogo ndizo huwapeleka watu hadi gati dogo chini ya mji wa Fira. Sasa uje upepo wa meltemi, ule wa kaskazini wa majira ya joto: boti inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, na bibi wa miaka 70 ameshika kamba, anasubiri wimbi litulie ndipo atie mguu. Nahodha akikataa hapo, mimi namshukuru.

Pesa je? Pesa za matembezi uliyoyanunua melini kwa kawaida hurudishwa. Uliyojipangia na dereva wa kisiwani, muulize mapema, kabla hujalipa. Nauli yenyewe usiitarajie, kwani mikataba mingi humruhusu nahodha kubadili njia kwa ajili ya usalama.